Msimulizi Akiondoka, Maneno Yake Hurithiwa na Nani?

"Shikamoo Mwalimu. Nimeisoma riwaya ya Pride and Prejudice ya Jane Austen mara tatu, na hivi karibuni nimetazama filamu yake ya mwaka 2005 kwa mara ya kwanza. Nilikasirika. Wickham, kijana mwongo ambaye kitabuni ananizungusha akili kwa sura kadhaa, katika filamu anapita kama mgeni aliyekosea mlango. Barua ya Darcy, yule tajiri mwenye majivuno, kwa Elizabeth, mhusika mkuu, ambayo mimi huisoma polepole kana kwamba nimeandikiwa mimi, inakwisha kabla sijakaa vizuri. Posa ya kwanza, Darcy anapomposa Elizabeth na kukataliwa, imetolewa sebuleni ikapelekwa kwenye mvua. Rafiki yangu, ambaye hajakisoma kitabu, alilia, kisha akaniambia kwamba mimi natafuta makosa tu. Ajabu ni kwamba sentensi iliyonigusa kuliko zote, pale Darcy anapomwambia Elizabeth kuwa amemroga mwili na roho, nimeitafuta kitabuni sura baada ya sura na siioni. Mwezi ujao nimepangiwa kuzungumza dakika 20 mbele ya kikundi chetu cha wasomaji, nilinganishe riwaya na filamu, na nusu ya wenzangu wameona filamu tu. Nimeshaandika orodha ya mambo 41 yaliyoondolewa. Je, nianzie hapo? Na je, nina haki ya kusema kwamba filamu imeiharibu riwaya?"

Marahaba, ndugu msomaji. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba mambo 41 si ndiyo yanayokusumbua. Kinachokusumbua ni kwamba mtu ambaye hakulipia gharama ya kusoma sura 61 ameguswa hadi kulia, na kwamba wewe mwenyewe, pamoja na hasira zako zote, umeguswa zaidi na sentensi ambayo Austen hakuiandika. Kwa hiyo niruhusu niiweke kando orodha yako kwa muda na nianze na sentensi hiyo, kwa sababu ukiielewa vizuri imetoka wapi utakuwa umeuelewa uhusiano wa riwaya na filamu kuliko orodha yoyote itakavyoweza kukueleza.

Sentensi hiyo kweli haimo. Ukifungua sura ya 58, ambamo Darcy na Elizabeth wanatembea pamoja na hatimaye kuelewana, utakuta kwamba Elizabeth ndiye anayeanza kusema, akimshukuru kwa alivyomsaidia mdogo wake Lydia, na kwamba Darcy anapomuuliza kama hisia zake bado ni zile za mwezi Aprili, jibu la Elizabeth halinukuliwi kabisa. Austen analiweka katika usemi wa taarifa: tunaelezwa kwamba alimfahamisha kuwa hisia zake zimebadilika sana, na kwamba sasa anayapokea maneno yake kwa shukrani na furaha. Hakuna kauli ya mapenzi tunayoisikia kutoka kinywani mwake. Wasomaji wengi hushtuka wanapolitambua hili, kwa kuwa kumbukumbu yao imeshawatungia mazungumzo ambayo kitabu hakikuwapa.

Lakini rudi nyuma hadi sura ya 10. Elizabeth yuko Netherfield, nyumba aliyopanga Bingley, rafiki wa Darcy, akimuuguza dada yake Jane; jioni moja Darcy anamwalika kucheza dansi, naye anamjibu kwa ujeuri wenye utamu. Hapo msimulizi anatunong'oneza, kwa sentensi moja tu, kwamba Darcy hakuwa amewahi kurogwa na mwanamke yeyote kama alivyorogwa na huyu, kisha anaongeza kwa kejeli kwamba bwana huyo aliamini kuwa isingekuwa unyonge wa jamaa za Elizabeth, angekuwa hatarini. Neno lako limo humo! Limo, ila halikusemwa na Darcy, halikusikiwa na Elizabeth, na limefungwa ndani ya mzaha. Filamu inakuja kulisema neno hilo karibu na mwisho wa hadithi, katika ukungu wa alfajiri, kinywani mwa mpenzi, bila mzaha wowote.

Mchakato wote wa kuhamishia riwaya kwenye filamu nauona katika mfano huo mmoja. Riwaya ya aina hii ina mtu ambaye si mhusika, hana mwili, haketi kwenye kiti chochote sebuleni, na bado ndiye anayetushika mkono tangu ukurasa wa kwanza: msimulizi. Anajua Darcy anafikiri nini, anajua Elizabeth anajidanganya wapi, na ana tabia ya kuingia katika mawazo ya mhusika na kuyasema kwa maneno ya mhusika huyo huku akibaki nafsi ya tatu, hivi kwamba msomaji hajui kwa hakika kama anayesema ni Elizabeth au ni msimulizi. Filamu ya kawaida haina mtu huyo. Inaweza kuajiri sauti ya nyuma ya pazia, na baadhi hufanya hivyo, lakini waongozaji wengi huikwepa kwa hofu kwamba mtazamaji atahisi anasomewa. Msimulizi anapoondoka, kila alichokuwa nacho hubaki kama mali ya marehemu, na mirathi hugawanywa: sehemu inakwenda kwenye vinywa vya wahusika, sehemu kwenye nyuso zao, sehemu kwenye mwanga na hali ya hewa, sehemu kwenye muziki. Sehemu nyingine hukosa mrithi, na hiyo ndiyo inayopotea. Swali zuri la kulinganisha, basi, ni lile la kadhi: nani amerithi nini, na ni kipi hakikupata mwenyewe?

Chukua mfano ambao, kwa maoni yangu, filamu imefanya vizuri sana. Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, anapokubali kuolewa na kasisi Bw. Collins, sura ya 22 inatueleza kupitia kwa msimulizi kwamba Charlotte hakuwathamini sana wanaume wala ndoa, kwamba ndoa ilikuwa njia pekee ya heshima ya kujikimu kwa binti aliyesoma asiye na mali, na kwamba akiwa na umri wa miaka 27, bila kuwahi kuwa mrembo, aliona amepata bahati kubwa. Charlotte mwenyewe anamwambia Elizabeth kwa utulivu kwamba yeye si mtu wa mambo ya mapenzi, anataka nyumba yenye raha tu. Filamu inauchukua umri huo na umaskini huo kutoka kwa msimulizi na kumtia Charlotte kinywani: anamwambia rafiki yake ana miaka 27, hana fedha wala matarajio, ni mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Kuogopa hakumo kitabuni, walau hakumo kwa neno hilo. Takwimu baridi ya msimulizi imegeuka kilio cha mtu. Umepoteza ubaridi ambao ndani yake Austen anaihukumu jamii nzima bila kupaza sauti. Umepata dakika moja ambayo mtazamaji hawezi tena kumcheka Charlotte. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, tukio hili ningelichukua la filamu, na nasema hivi nikiwa mtu ambaye kwa kawaida hupendelea kitabu.

Mfano wa pili ni wa mwili. Jane na Elizabeth wanapoondoka Netherfield, Darcy anamshika Elizabeth mkono kumsaidia kupanda gari la farasi, kisha anageuka na kuondoka, na kamera inabaki kwenye kiganja chake anapokinyoosha vidole kana kwamba kimeungua. Tukio hilo halimo katika riwaya. Je, ni nyongeza? Kwa orodha yako ni nyongeza. Kwa hesabu ya mirathi ni ule mnong'ono wa sura ya 10, uliorithiwa na kiganja.

Hapa lazima nirekebishe jambo ambalo nimelisikia mara nyingi hata kwa walimu wenzangu, kwamba riwaya inatufungia ndani ya kichwa cha Elizabeth na kutuficha moyo wa Darcy hadi posa ya kwanza. Si kweli. Tangu sura ya 6 tumeambiwa kwamba Darcy ameanza kuyapenda macho ya Elizabeth. Msomaji anajua mapema kuliko Elizabeth. Ila habari hiyo imetolewa kwa kiasi kidogo na kwa sauti ya utani, kisha imezungukwa na kurasa nyingi za maoni ya Elizabeth, ambayo ni makali, yanachekesha na yanaonekana kuwa na akili, hata msomaji anasahau alichoambiwa na kuanza kumchukia Darcy pamoja naye. Tumepewa ushahidi, nasi tukaupuuza, na ndiyo maana aibu ya Elizabeth inapokuja inakuwa pia aibu yetu.

Kamera haiwezi kukusahaulisha kwa namna hiyo. Ukiuona uso wa Matthew Macfadyen, anayemwigiza Darcy, umejaa simanzi kila Elizabeth anapopita, huwezi kujifanya hukuuona, wala huhitaji mtu wa kukufafanulia. Kwa hiyo mtazamaji wa filamu anaacha kukosea pamoja na Elizabeth na kuanza kumngoja. Swali la riwaya, kwa sehemu yake kubwa, ni "nimewezaje kukosea kiasi hiki nami najiona mwerevu?" Swali la filamu ni "watasemezana lini?" Yote mawili ni maswali halali ya mapenzi, lakini si swali moja, na karibu kila badiliko katika orodha yako linatokana na tofauti hiyo.

Mtazame Wickham wako. Katika sura ya 16 anakaa na Elizabeth jioni nzima akimweleza jinsi Darcy alivyomdhulumu, na Austen anampa nafasi ya kutosha ili nasi tumwamini. Tunahitaji kudanganywa taratibu, kwa maneno mengi, ili baadaye tuone kwamba dalili zote zilikuwepo. Hadithi inayotaka tujiulize tulikoseaje haina budi kumlisha mwongo vizuri. Hadithi inayotaka tungoje lini watasemezana haimhitaji mwongo huyo sana: inamtosha awe kijana mzuri wa sura anayeleta kikwazo. Mwongozaji Joe Wright na mwandishi wa skripti Deborah Moggach hawakumsahau Wickham. Filamu waliyokuwa wanaitengeneza ilikuwa na kazi ndogo kwake.

Barua ndiyo hasara kubwa zaidi, na hapa nakubaliana nawe bila masharti. Sura ya 35 ni barua yenyewe. Sura ya 36 ni Elizabeth akiisoma: kwanza kwa hasira, akiona kila sentensi ni ya uongo, anaikunja akiapa hataitazama tena, haipiti hata dakika anaikunjua, anaisoma upya sehemu ya Wickham, anapima, anakumbuka jioni ile na kuona jinsi ilivyokuwa haifai kwa mtu mgeni kumwaga siri za namna ile, hadi anakiri kwamba mpaka dakika ile hakuwa amejijua. Anatangatanga njiani kwa saa mbili. Kiini cha riwaya hii nzima, jambo linalomfanya Elizabeth astahili kuwa mhusika mkuu, ni mwanamke anayesoma jambo lilelile mara ya pili na kubadili mawazo. Sasa niambie, kamera itapiga picha gani? Mtu anayebadili mawazo huku ameshika karatasi, kwa nje, anafanana na mtu anayesoma orodha ya nguo za dobi.

Filamu ilijaribu. Elizabeth anajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu huku mwanga ukibadilika, Darcy anaingia kama kivuli na kuiacha barua, kisha tunaisikia ikisomwa kwa sauti yake. Kioo ni wazo zuri, kwa kuwa kujitazama ndiko hasa kunakotokea katika sura ya 36. Lakini angalia sauti ni ya nani: ni ya aliyeandika, si ya anayesoma. Riwaya ilitupa barua ya Darcy halafu ikatupa usomaji wa Elizabeth. Filamu imetupa barua, na usomaji umekosa mrithi. Tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 ya riwaya hiihii, iliyokuwa na vipindi sita na hivyo muda wa zaidi ya mara mbili, iliweza angalau kuyaonyesha matukio ya zamani yanayoelezwa na barua, na bado nayo ilihangaika palepale. Muda peke yake hauwezi kuliponya tatizo hilo, kwa kuwa asili yake ni chombo chenyewe.

Nisidharau suala la muda, hata hivyo, kwa sababu wapo wanaodhani wakataji wa matukio ni wavivu. Riwaya hii ina takribani maneno 120,000. Kanuni ya makadirio ya wanafilamu ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti hutoa dakika moja hivi kwenye skrini, na ukurasa wa skripti una nafasi tupu nyingi kuliko maneno. Filamu ya saa mbili na dakika chache haiwezi kubeba hata robo ya maneno hayo. Ndiyo maana Bingley, ambaye kitabuni ana dada wawili, kwenye filamu amebaki na mmoja, na hakuna aliyelia. Wengine walikata zaidi: filamu ya Wuthering Heights ya mwaka 1939 iliacha kabisa kizazi cha pili, yaani karibu nusu ya kitabu. Wala usidhani kwamba mtunzi akiandika skripti mwenyewe atakiacha kitabu chake kizima. Jojo Moyes aliandika mwenyewe skripti ya Me Before You ya mwaka 2016, na tukio zito la udhalilishaji lililompata mhusika wake mkuu zamani, ambalo kitabuni linaeleza kwa nini anaogopa kuishi maisha mapana, halimo kwenye filamu.

Kuhusu posa ya kwanza na mvua yake, nadhani umeishtaki filamu kwa kosa ambalo si lake. Sura ya 34 inatokea ndani ya nyumba ya kasisi Collins kule Hunsford, Elizabeth akiwa peke yake na kichwa kinamuuma. Darcy anasema sentensi chache mashuhuri za kukiri mapenzi, na mara tu tunapotega sikio ili tusikie zaidi, msimulizi anamnyamazisha na kutueleza kwa muhtasari kwamba alisema vizuri, ila alikuwa na hisia nyingine za kueleza zaidi ya zile za moyo, nazo zilihusu udhalili wa ukoo wa Elizabeth. Muhtasari huo ni kofi. Sisi tunayasikia matusi yake bila kuusikia ufasaha wake, sawasawa na Elizabeth anavyoyasikia. Filamu, isiyoweza kufupisha maneno ya mtu aliyesimama mbele yetu, inawapa wote wawili usemi halisi, inaharakisha majibizano yao mpaka yanagongana, na inawasogeza karibu kiasi kwamba katikati ya ugomvi wanatazamana midomo. Mvua imerithi hasira. Ukaribu umerithi tamaa. Kilichokosa mrithi ni muhtasari, yaani hukumu. Ukitaka kuikosoa filamu, ikosoe hapo, usiikosoe kwa kulowesha nguo. (Ingawa, tuseme ukweli, mvua inafanyishwa kazi kupita kiasi katika filamu za mapenzi.)

Sasa swali lako la haki ya kusema "imeharibu". Lugha tunayoitumia katika mjadala huu imetuponza. Tunasema filamu "imekuwa aminifu" au "haikuwa aminifu", maneno tuliyoyaazima kutoka kwenye ndoa, kana kwamba mwongozaji aliapa mbele ya mashahidi. Filamu inaweza kufuata kila tukio na ikawa mfu, na inaweza kuacha nusu ya matukio na bado ikakuacha na fadhaa ileile uliyoachiwa na kitabu. Neno "kuharibu" mimi hulitunza kwa ajili ya filamu inayokana jambo ambalo kitabu kilisimamia. Katika hadithi ya Truman Capote ya mwaka 1958, Breakfast at Tiffany's, mhusika mkuu Holly anaondoka, na mapenzi kati yake na msimulizi hayafungwi kwa ndoa wala busu. Filamu ya mwaka 1961 inawafumbatisha na kuwabusisha, tena kwenye mvua. Hapo una kesi ya kujenga, kwa sababu mtu asiyeweza kumilikiwa amefanywa mtu anayesubiri kupatikana. Wapo wanaoipenda filamu hiyo kwa sababu hiyohiyo, na hawana kosa, ila wanapenda hadithi nyingine. Filamu yako ya mwaka 2005 haijafika huko. Imeupunguza ucheshi, imeipunguza hukumu, imeuongeza mtetemeko wa moyo. Sema hivyo, na utakuwa umesema jambo linaloweza kuthibitishwa.

Kuna jambo moja la kujichunguza kabla hujasimama. Wewe ulisoma mara tatu kabla ya kutazama. Austen anaeleza maumbile ya watu wake kidogo sana: tunajua Darcy ni mrefu na mzuri wa sura, na hatuelezwi mengi zaidi. Kwa hiyo Darcy uliyeishi naye ulimuumba mwenyewe, na hakuna mwigizaji duniani anayeweza kumshinda mtu uliyemuumba. Sehemu ya hasira yako ni ya mwenye nyumba aliyerudi akakuta mgeni kitandani. Rafiki yako ana tatizo la upande wa pili, kwamba akija kukisoma kitabu, Elizabeth atakuwa na uso wa Keira Knightley, aliyemwigiza kwenye filamu, tangu mstari wa kwanza na itamwia vigumu kumvua. Hakuna kati yenu aliye na macho matupu. Litaje hili mbele ya kikundi mapema, kwa sentensi moja, na nusu ya chumba ambayo haijasoma haitajihisi imeshtakiwa.

Ama kuhusu dakika zako 20, orodha ya mambo 41 inakupa nusu dakika kwa kila jambo, bila salamu. Itawachosha waliosoma kwa sababu wanaijua, na waliotazama tu kwa sababu hawana pa kuishikia. Ungeweza kumfuata mhusika mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na Charlotte angekufaa sana; njia hiyo ni salama na ina huruma, ila itakufanya uiache barua, ambayo naona ndiyo iliyo moyoni mwako. Ungeweza pia kulinganisha miisho. Inavutia, ila kuna mtego nitakaoutaja hivi punde. Mimi ningechukua sura tatu tu, ya 34, 35 na 36, pamoja na dakika chache za filamu zinazolingana nazo, nikae humo muda wote. Zinatosha. Zisome kwanza, funga kitabu, andika unachokumbuka. Kisha tazama tukio la filamu mara mbili, ya kwanza ukiwa umezima sauti, ukiandika tu ni uso wa nani unaoonyeshwa wakati mwingine anaposema, na ya pili ukiwa na sauti. Ukizima sauti utashangaa jinsi ugomvi ule unavyofanana na mapatano. Ukiwaonyesha wenzako kipande hicho bila sauti, kisha ukawasomea kwa sauti aya ile ya muhtasari kutoka sura ya 34, hutahitaji kuwashawishi kwamba kuna tofauti. Wataanza kubishana wenyewe.

Mtego wa miisho ni huu: filamu hiyo ina miisho miwili. Toleo lililoonyeshwa Uingereza linaishia kwa Bw. Bennet, baba yake Elizabeth, akitoa ridhaa yake, akicheka na kulengwalengwa na machozi. Toleo la Marekani linaongeza tukio la usiku kule Pemberley, nyumbani kwa Darcy, Darcy na Elizabeth wakiwa wameshaoana, wakiitana majina na kubusiana. Riwaya haina tukio hilo. Ina sura nzima ya 61 inayotueleza kwa ukavu nani alimtembelea nani na nani aliendelea kuomba fedha. Kabla hujasema neno lolote kuhusu mwisho, waulize wenzako waliona upi, la sivyo mtagombana kuhusu filamu mbili mkidhani ni moja.

Usiyafanye maandalizi haya peke yako. Mwombe rafiki yako yule aliyelia akae nawe mtazame tena tukio la posa, na umuulize alidhani Elizabeth anahisi nini wakati ule, halafu umsomee sura ya 36. Majibu yake yatakupa nusu ya mazungumzo yako, kwa kuwa yeye anaona kile ambacho wewe, kwa sababu ya kitabu, huwezi tena kukiona. Muone pia kiongozi wa kikundi umuulize kama kuna kifaa cha kuonyeshea video na kama dakika 20 ni pamoja na maswali. Na endapo mazungumzo haya yatageuzwa kuwa insha ya kupewa alama, usitegemee jibu langu. Nenda kwa mwalimu atakayeisahihisha na umuulize anataka uhakiki wa fani, wa maudhui, au wa vyote viwili, kwa sababu njia ya sura tatu niliyokupendekezea itampendeza mmoja na kumwudhi mwingine.

Kama Kiingereza cha mwaka 1813, riwaya ilipochapishwa, kinakutatiza katika sura ya 36, ambayo ina sentensi ndefu zinazojikunja kama mawazo ya Elizabeth mwenyewe, tafuta mtu anayeimudu lugha hiyo mkae nayo jioni moja mkiisoma kwa sauti, aya kwa aya, mkisimama kila Elizabeth anapobadili msimamo. Mimi nimehesabu mabadiliko zaidi ya manne. Hesabu na wewe, uone kama tutalingana.